Rangi ya Maji ya Chai

Kaka yangu Godbless Sumari ana kinyaa. Sisemi ni msafi. Usafi ni kitu kingine, na mama alitufundisha sote. Kinyaa chake ni cha kuchagua. Anaweza kula nyama ya mbuzi mnadani, iliyokatiwa juu ya gogo lenye nzi, akalamba na vidole, halafu akaja nyumbani kwa mama yake mzazi na chupa ya maji ya dukani kwapani na kusema, "Mama, chai yangu ipikie haya." Mama anampikia. Anayamimina maji ya mwanawe kwenye sufuria ndogo peke yake, na sisi wengine tunakunywa ya sufuria kubwa.

Kwa asiyetujua, kwetu ni Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi. Jina linajieleza lenyewe. Maji ya huku yana madini yanayoingia kwenye meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya fizi, kwa hiyo meno ya ukubwani yanaota tayari yana rangi. Ya mwingine njano, ya mwingine yana mistari, ya mwingine kahawia tupu. Si uchafu. Unaweza kuyapiga mswaki mpaka utoe damu na rangi isitoke, kwa sababu haikupakwa juu, imo ndani. Yangu ni kahawia. Nauza vitenge Levolosi, pale mjini, nacheka na wateja wangu mdomo wazi, na anayeona kinyaa akanunue kwingine.

Godbless hakuweza hivyo. Tangu utoto alikuwa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja cha mkono wa kushoto. Akichekeshwa kanisani, kiganja. Akiambiwa apige picha, kiganja. Mama akampa jina, akawa anamwita Kiganja, na nyumba nzima tukalishika. Alipoanza kuendesha magari ya watalii bado alikuwa anaziba, mpaka siku mgeni mmoja, mbele ya wenzake, alipomuuliza kama kwao hakuna miswaki. Kaka alinisimulia mwenyewe, ndani ya gari, analia. Huyo mgeni namchukia mpaka leo, na sijawahi kumwona hata kwa picha.

Akaenda Nairobi kufunika meno. Unasagwa meno yako mpaka yanabaki visiki, kisha unavalishwa mengine juu. Alirudi na meno meupe kama vyombo vya harusi, na mkono ukashuka. Nilifurahi, nasema kweli. Mtu akiona aibu mwilini mwake na akapata njia ya kuiondoa, aiondoe, hainihusu. Kilichonitapisha ni yaliyofuata. Alipanda cheo akawa meneja wa ile kampuni ya safari, akajenga Sekei, akamwoa Evaresta kutoka Rombo, na kidogo kidogo akaanza kututazama kama yule mgeni. Picha yake ya shule ilikuwa ukutani sebuleni kwa mama. Siku moja nikakuta msumari mtupu. Jina la Kiganja likapigwa marufuku, na chupa ya maji ya dukani ikaanza kuja.

Haya yote ningeyameza. Lakini kuna Angel.

Angel ni binti yangu wa kwanza. Alilelewa na mama yangu kule Maji ya Chai wakati mimi nahangaika mjini, kwa hiyo meno yake ni kama yangu, tena yamekolea zaidi. Alipokuwa kidato cha nne, mjomba wake alimwambia mbele yetu wote, "Soma mambo ya mapokezi. Ukimaliza, kiti cha mbele ofisini kwangu ni chako." Mtoto akashika neno. Akasoma, akamaliza vizuri, Kiingereza kinamtoka bila kigugumizi, na Kifaransa cha kumpokea mgeni na kumfikisha kwenye gari yake anacho. Mwaka huu msichana aliyekuwa anakikalia kile kiti akaolewa, akahamia Mwanza. Kiti kikawa wazi. Angel akapeleka maombi, akapiga pasi sketi, akasubiri.

Kaka akanipigia. "Maria, meno kwanza. Nitalipia mimi."

Angel alikubali kwenda naye kwa daktari, angalau asikilize. Daktari akamweleza vizuri jinsi yatakavyosagwa. Angel akauliza, "Kwani yana ugonjwa?" Daktari akasema hapana, ni mazima, hayana hata tundu. Binti yangu akashuka kwenye kile kiti cha kulalia, akaaga. Alipofika nyumbani aliniambia, "Mama, siwezi kusaga kitu kizima ili mtu asiyenijua ajisikie vizuri."

Mjomba wake akanyamaza. Simu hapokei, ujumbe hajibu, na kiti kimebaki wazi.

Nikaona haiwezekani. Jumamosi moja nikafunga duka mapema, nikamfuata Sekei. Wifi Evaresta akanifungulia geti, akanipa soda, akasema mume wake anajiandaa kutoka. Godbless akatoka chumbani amenyoosha shati, ananukia, ana furaha ya mtu anayekwenda kuposa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Nisindikize mahali mara moja, tutaongea njiani."

Njiani tuliongea kuhusu saa. Au tuseme yeye aliongea. Kumbe kwa miezi amekuwa kwenye kundi la simu la watu wanaokusanya saa za mkononi. Saa mpya anazo, za kutosha kabatini. Sasa anataka ya zamani, ya kwanza maishani mwake, na sio ya zamani yoyote, bali zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wapiga mbizi, zisizoingia maji hata chini kabisa baharini.

"Na wewe utapiga mbizi wapi, kaka? Ziwa Duluti?"

"Maria, bwana! Hununui ili uzame nayo. Unanunua historia."

Historia. Mtu aliyeng'oa picha yake mwenyewe ukutani kwa mama yake. Nilitazama nje ya dirisha, nikahesabu migomba, maana ningefungua mdomo tungegombana kabla sijamtaja Angel.

Tulikwenda Engutoto, kwa Mchaga mmoja wa Kibosho anayeitwa Reginald. Anauza dawa za mifugo, lakini nyumbani kwake ana chumba cha saa tu, na anatembea humo kwa kunyata kama vile zimelala. Alitukaribisha, akanawa mikono, akatandika taulo jeupe mezani, akaleta kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Akafungua.

Naomba nieleze nilichokiona, kwa sababu macho yangu ni mazima. Niliona saa nene yenye mkanda wa ngozi uliokunjamana kama sikio la ng'ombe mzee. Kwenye maungio ya mkanda, na pale chini ya ile pete ya juu inayozunguka, kulikuwa na nongo. Nongo halisi, ya mwili wa mtu, sijui alikufa lini. Kioo kilikuwa kimechubuka. Alama za namba, zile zinazotakiwa kuwaka gizani, zilikuwa zimepasukapasuka na kuwa njano. Na uso wake ulikuwa kahawia, na sio kahawia moja, pembeni imekolea, katikati imepauka, kama kikombe kilicholala na chai.

Na ilikuwa inanuka. Jasho lililolala, hiyo ndiyo harufu yake.

Kaka yangu, yule wa sufuria ndogo, akaichukua kwa mikono miwili, akaisogeza puani, akavuta pumzi.

"Aisee," akasema.

Nikasikia soda ya Evaresta inapanda kooni.

"Unaona uso huo?" Reginald akasema kwa sauti ya chini. "Ilipotoka kiwandani ulikuwa mweusi kama mkaa. Rangi yao ilikuwa na kasoro, hawakujua. Jua na chumvi vikaila taratibu, miaka na miaka, ikageuka hivyo. Wakusanyaji wanaiita tropiki. Wanazitafuta dunia nzima."

"Haisafishiki?" nikauliza. Niliuliza kwa nia njema kabisa, kama mtu anayeuza nguo.

Wote wawili wakanitazama kana kwamba nimetema mate madhabahuni.

"Dada yangu," Reginald akasema, "ukiusafisha uso huo umeiua. Ule mweusi wanao wengi. Huu ndio unaosema saa imetoka wapi na imepita wapi." Akaigeuza ubavu, akapitisha kidole kwenye kingo. "Na hapa pia, angalia, ni kali bado. Haijawahi kusagwa. Mafundi wengi ukiwapa saa hii wataisaga ing'ae, wakuletee wanakenua, na hapo haina maana tena. Kitu kizima hakisagwi."

Nilimgeukia kaka. Nilingoja aruke, au angalau akohoe. Ni maneno ya Angel yale, karibu herufi kwa herufi, yanatoka mdomoni mwa muuza dawa za kupe. Godbless hakusikia kitu. Alikuwa anaizungusha ile pete, tiki, tiki, na meno yake ya Nairobi yote nje.

"Ona kahawia hii, Maria," akaniambia. "Hakuna mbili zinazofanana duniani."

Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake, nimefungua mdomo kwa mshangao, na kahawia yangu yote ilikuwa inamtazama. Hakuiona.

Akalipa. Bei siitaji, naona aibu kwa niaba yake. Akaivaa palepale, na nongo yake, akashusha mkono wa shati, akaupandisha tena ili aione.

Tulipoingia garini nikasema, "Sasa, kuhusu Angel."

"Angel alikataa mwenyewe."

"Alikataa kusagwa. Kazi hakukataa."

"Maria, nielewe. Mapokezi ndio uso wa kampuni. Mgeni ametoka kwao, amechoka, kitu cha kwanza anakutana na..." Akaonyesha mdomo wake kwa kidole, cha mkono uleule wenye saa. "Watu watachefuka. Mimi simchukii mtoto. Nawajua wageni tu."

Uso wa saa ukiwa kahawia unavutiwa pumzi. Uso wa kampuni haukubali. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini mimi nikiwa na hasira nalia, na sikutaka anione nalia ndani ya gari lake, kama nilivyowahi kumwona yeye. Nikamwomba anishushe. Nilitembea mpaka kwangu nikitema mate barabarani kama mjamzito.

Jumapili, baada ya ibada, tulikutana kwa mama. Nilikuwa nimekwenda na Angel kumenya ndizi. Nilijua Godbless atakuja, kwa sababu kila anachonunua lazima amwonyeshe mama, hilo hata Nairobi haikulisaga. Mama ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, lakini kaka akinunua hata betri ya gari huipeleka aishike.

Akaingia na chupa yake ya maji kwapani. Mama akamtengea sufuria ndogo.

"Shikamoo, mjomba," Angel akasema.

"Marahaba," akamjibu, macho yakiwa kwenye ndizi.

Akakaa karibu na mama kwenye benchi la uani, akapandisha mkono wa shati, akavua saa na kumwekea kiganjani. "Mama, nimenunua kitu. Shika taratibu."

Mama akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa kope. Akaigeuza upande wa mwanga. Kisha uso wake wote ukakunjuka kwa furaha.

"Godi! Umeipata wapi? Ni ya nani wa hapa kwetu?"

"Sio ya hapa, Mama. Imetoka Ulaya. Ilikuwa ya watu wa baharini huko."

"Usinidanganye kwa kuwa mimi ni mzee. Hii imekunywa maji ya kwetu. Tazama uso wake." Akampungia Angel mkono. "Hebu njoo, mjukuu wangu. Cheka."

Angel akapiga magoti mbele ya bibi yake, mikono imejaa utomvu wa ndizi, akatabasamu. Mama akaiweka ile saa shavuni kwake, karibu na mdomo. Mimi nilikuwa nimesimama juu yao na ninaapa, ilikuwa rangi moja. Kukolea kwake pembeni, kupauka kwake katikati, hata ule mstari mwembamba uliopita chini, moja.

"Si nilisema?" Mama akacheka. "Mto mmoja huo."

Hakuwa anafanya mzaha. Mama hajui kejeli. Alikuwa amefurahi kwamba mwanawe, baada ya miaka yote ya chupa, amenunua kitu cha nyumbani. Akashika ncha ya kanga yake, akaitia mate, akaanza kuisugua saa kwenye kile kioo na pembeni yake, kama alivyokuwa akitusugua nyuso kabla ya kwenda kanisani.

Godbless akaruka kutoka kwenye benchi.

"Mama, usiisugue! Rangi hiyo ndiyo thamani yake!"

Kuku wakakimbia. Mama akaacha kusugua. Kila mtu alikuwa amesikia, na safari hii hata Godbless mwenyewe alisikia. Niliona yale maneno yakimrudia. Angel alikuwa bado amepiga magoti, mdomo wake haujafungika vizuri, yuko mbele yake kabisa, na kaka hakuwa na ndizi za kutazama badala yake.

"Rangi ndiyo thamani, mjomba?" Angel akauliza. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kujifunza.

Kaka akachukua saa kwa mama, akaivaa, akahangaika na kile kishikizo cha mkanda. Akakaa. Nilidhani sasa atasema. Niliomba moyoni aseme, kwa sababu, pamoja na kinyaa chote, ni kaka yangu.

"Njoo Jumatatu," akasema.

Nikamtazama Angel.

"Kuna nafasi ya simu. Chumba cha nyuma kule, pametulia. Kiingereza chako ni kizuri, wageni watakusikia vizuri sana." Akanitazama mimi, anangoja shukrani.

Nimeosha wagonjwa wa kuhara. Nimemvalisha marehemu. Lakini kichefuchefu nilichokisikia pale uani kwa mama sijawahi kukisikia mahali pengine. Wamsikie, wasimwone. Mtoto wa dada yake, ambaye yeye mwenyewe alimwambia kwa mdomo wake kwamba kiti cha mbele ni chake, awekwe nyuma ya ukuta kama choo.

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumtukana. Angel akaniwahi. Alisimama, akafuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, kidole kimoja kimoja.

"Asante, mjomba," akasema. "Sitakuja. Na wewe hiyo saa uivae chini ya mkono wa shati, wageni wasije wakachefuka."

Akarudi kwenye ndizi zake.

Godbless alijaribu kucheka. Alitaka ionekane ni utani wa mtoto, tucheke sote, yapite. Kicheko kilipoanza kutoka, mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe, akaziba mdomo. Meno ni meupe, hayana cha kuficha, na mkono ulipanda hivyo hivyo. Mkono wa shati ukateleza mpaka kwenye kiwiko. Saa ikabaki pale, chini ya midomo yake, kahawia, mahali palepale ilipokuwa kahawia yake mwenyewe ya utotoni.

Mama akakaza macho yake mabovu. Akapiga makofi kama mtoto.

"Kiganja!" akasema. "Jamani, Kiganja wangu huyo! Mimi nilidhani alibaki Nairobi."

Kaka hakuushusha mkono. Tulimenya ndizi mpaka zikaisha, tukanywa chai ya sufuria kubwa, na ile ya sufuria ndogo ikapoa jikoni.